Kurudisha dari ya gari la zamani kwa vipuri vya magari mabovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara mtu anapomiliki gari la zamani ambalo kitambaa cha juu kimechanika, kimeshuka au kimeliwa na panya. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye matatizo yasiyo ya kawaida. Jibu likitegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Nitajuaje gari langu lina dari ya aina gani?

Bonyeza kwa kidole katikati ya paa, kisha pitisha kiganja kuelekea nyuma. Ukisikia kitambaa kinabonyea na kurudi, na kila baada ya hatua fulani kiganja kinakuta mshono unaokata gari kwa upana, hiyo ni dari ya fito. Vipande vya kitambaa vimeunganishwa, na juu ya kila mshono kuna pindo ambalo ndani yake umepita ufito mwembamba wa chuma cha springi. Ncha za ufito zimeingia kwenye matundu ya fremu ya paa, kushoto na kulia, na kingo za kitambaa zimevutwa zikagandishwa au kubanwa pembeni. Magari mengi yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1970 yako hivi.

Ukibonyeza ukakuta kitu kigumu chenye ulaini wa juu juu, hilo ni ganda: ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, wa nyuzi za kioo au karatasi iliyoshindiliwa, uliobandikwa kitambaa chenye sponji nyuma yake. Aina hii ilianza kuenea miaka ya 1970 na kutawala kabisa miaka ya 1980. Aina ya tatu hukutwa zaidi kwenye vani, pikapu na baadhi ya stesheni wagoni: paneli bapa za hadibodi, mara nyingi zenye matundu madogo, zilizoshikiliwa na mikanda ya chuma na skrubu.

Kama gari ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1930, jiandae kukuta mbao. Paa la bati la kipande kimoja lilianza kuwa la kawaida baada ya General Motors kulileta kwenye magari yake ya mwaka 1935. Kabla ya hapo, dari nyingi zilipigiliwa kwa misumari midogo kwenye fremu ya mbao. Majibu yafuatayo hayahusu sana magari hayo, isipokuwa yale ya kushona na kuvuta.

2. Kwa nini dari hushuka?

Inategemea aina. Kwenye ganda, kosa ni la sponji. Sponji ya poliyurethani huvunjwavunjwa na joto na unyevu kwa miaka mingi mpaka inakuwa unga wa rangi ya chungwa au kahawia. Kitambaa bado kizima, gundi bado imeshika, lakini kilichokuwa katikati hakipo tena. Jaguar XJ za zamani na Range Rover za kizazi cha kwanza zinajulikana sana kwa ugonjwa huu.

Kwenye dari ya fito hakuna sponji ya kuoza. Huko uzi huoza kwenye mshono, gundi ya pembeni huachia, au vinili yenyewe, kile kitambaa cha plastiki kinachofanana na ngozi, hukauka. Vinili ina vilainishi ndani yake, navyo hutoka taratibu kwa joto. Inakuwa ngumu, inasinyaa, kisha inajichana yenyewe karibu na kioo cha nyuma, ambako jua hupiga zaidi.

3. Naweza kuitengeneza bila kuishusha?

Dari ya fito, ndiyo, kama tatizo ni dogo. Mshono ulioachia kwa sentimita chache hushonwa pale pale kwa sindano iliyopinda, na ukingo uliobanduka hugandishwa upya. Ganda, hapana. Gundi ya kuchomea kwa sindano na pini za kuchomeka huwa zinashikilia kitambaa kwenye unga. Vinapendeza kwa muda mfupi, kisha unapata dari iliyoshuka yenye mabaka ya gundi.

4. Kwenye gari bovu nichukue nini, nini nikiache?

Chukua mifupa, acha ngozi. Vitu vinavyofaa kutafutwa ni hivi: fito zenyewe, bushi za plastiki za ncha za fito, vikulabu vinavyouzuia ufito wa nyuma usivutwe mbele, mikanda ya chuma yenye meno ya kubania ukingo, ganda zima lisilovunjika, vikinga jua na vishikio vyake, taa ya ndani na kioo chake cha plastiki, vishikizo vya mkono, ndoano za koti, urembo wa kingo, na hata skrubu. Skrubu za asili zina vichwa na nyuzi ambazo leo ni taabu kuzipata, na ukizikosa utajikuta unatoboa tundu jipya kwenye fremu nzuri.

Sponji kuukuu, gundi kuukuu na mpira wa kioo uliokwisha kuwa mgumu ni mzigo tu. Kitambaa cha zamani ni habari nyingine: hakifai kuvalishwa, lakini kinafaa sana kama kipimo (swali la 12).

Kitu kimoja husahaulika karibu kila mara, nacho ni kile kipande kidogo cha plastiki au chuma kinachoshika ncha ya kikinga jua upande wa kioo cha ndani cha kuangalia nyuma. Huvunjika kwenye gari lako, na huvunjika kwenye gari bovu pia kwa sababu mtu aliyetangulia alikivuta kwa nguvu. Ukikikuta kizima, kichukue hata kama hukukihitaji siku hiyo.

5. Kwa nini nisitoe dari nzima ya vinili kwenye gari jingine nikaivalisha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu huwakatisha watu tamaa. Dari ilipofungwa kiwandani, fundi alikuwa na ukingo wa ziada wa kushika na kuvuta. Alipomaliza alikata ziada yote. Sasa unayo dari iliyokatwa sawasawa na gari lake, imesinyaa kwa miongo kadhaa, na huna pa kuishika ili uivute. Utaweza kuipandisha, kuikaza hutaweza.

Kuna hali moja inayokubalika: gari la modeli ile ile, vioo vimetolewa kwa utaratibu na ukingo ukabanduliwa bila kukatwa, vinili bado laini kiasi kwamba ukiikunja haiachi mstari mweupe, na siku ni ya joto. Hata hapo, shonea ukanda wa kitambaa kigumu kwenye kingo, upande utakaofichwa na mpira wa kioo, upate pa kuvutia.

Vipande vidogo ni afadhali. Kitambaa cha nguzo za pembeni, au kile kinachozunguka dirisha dogo la nyuma, mara nyingi kinahamishika bila shida, kwa kuwa hakivutwi kwa nguvu.

## Kwenye gari la kutolea vipuri

6. Nitajuaje kama fito za gari lile zitaingia kwenye langu?

Anza na umbo la bodi kabla ya mwaka. Milango miwili na milango minne ya modeli moja inaweza kuwa na paa tofauti kabisa, na stesheni wagoni huwa na fito nyingi zaidi. Gari lenye sanrufu, yaani tundu la paa linalofunguka, lina fito fupi au pungufu katikati. Kwa upande mwingine, viwanda vilikuwa vikibadilisha taa na bampa kila mara huku paa likibaki lile lile kwa miaka mingi, kwa hiyo gari la mwaka tofauti lisikutishe.

Kisha pima. Urefu wa ufito hupimwa kwa kufuata mkunjo wake, siyo kwa kunyoosha utepe kutoka ncha hadi ncha. Lakini chukua vipimo vyote viwili, pamoja na kimo cha mkunjo katikati. Fito mbili zenye urefu sawa na vimo tofauti si fito moja. Unene nao upime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kama una ufito wako hata mmoja uliobaki, nenda nao mkononi.

7. Nizitoe vipi bila kuzipinda?

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya dari yote, kisha kila kona. Baada ya hapo toa vitu vilivyofungwa kwa skrubu, bandua kingo, na anza na ufito wa mbele. Usiuvute kuja chini kwa katikati. Usukume kuelekea upande mmoja mpaka ncha ya upande wa pili itoke kwenye tundu lake, uushushe upande huo, kisha utoe ncha iliyobaki. Ukikataa, bushi imegandamana na kutu, na tone la mafuta ya kulegezea kutu litasaidia kuliko mkono.

Ufito wa nyuma kabisa kwa kawaida umeshikwa na vikulabu viwili vya waya au sahani ndogo. Angalia vimeelekea wapi kabla ya kuvitoa. Kama ncha za fito zina alama za rangi, ziache. Kiwanda kiliziweka ili kila ufito urudi mahali pake.

Halafu alama zako mwenyewe. Funga tepu kila ufito: namba kuanzia mbele, mshale unaoelekea mbele, na herufi ya upande wa kushoto. Kama fremu ina tundu zaidi ya moja kila upande, andika pia ufito ulikuwa kwenye tundu lipi, la juu au la chini. Matundu hayo yaliwekwa kwa ajili ya kurekebisha kimo, na ukiyachanganya dari itakuwa na bonde.

8. Ganda la mtumba nilikague vipi?

Ligeuze. Uso wa mbele wenye kitambaa hautakuambia kitu. Mgongo ndio wenye habari. Madoa ya maji yenye kingo za kahawia kwenye ganda la karatasi yana maana kwamba limelainika na litashuka tena hata ukilivalisha upya. Ganda la nyuzi za kioo huvumilia maji, ila huvunjika kwenye kona za mbele na kuzunguka taa. Ufa unatengenezeka: kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini kwa upande wa mgongo, ganda likiwa limelazwa juu ya paa la gari lenyewe, kwa nje, ili lisikauke likiwa limejipinda. Tanguliza nailoni chini, la sivyo utagandisha ganda kwenye rangi.

Kulitoa garini kunahitaji watu wawili. Laza viti vyote, vua vikinga jua, vishikizo na urembo wa nguzo, kisha litoke kwa mlango wa nyuma au mlango mpana wa abiria. Ukilikunja likalia, limekwisha.

9. Kuna hatari gani?

Gari lililokaa muda mrefu lina kinyesi na mkojo wa panya juu ya dari, na ukivuta kitambaa vyote vinakumwagikia usoni. Vaa barakoa nzuri, miwani na glavu, na nyunyizia maji sehemu zenye vumbi kabla ya kuvuta. Unga wa sponji na nyuzi za kioo vinawasha ngozi na koo.

Baadhi ya mikeka ya kuzuia joto na sauti ya magari ya zamani ilikuwa na asbesto, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine. Mkeka wa kijivu wenye nyuzinyuzi usioujua asili yake, usiukwangue wala kuupiga msasa ukiwa mkavu. Uache kama ulivyo au upeleke kipande kikapimwe.

Ukitoa vipuri kwenye gari jipya zaidi, angalia nguzo na kingo za paa kama kuna maandishi ya mifuko ya hewa. Ukiyaona, chomoa betri na usiguse ukingo huo.

## Kuandaa

10. Fito zina kutu. Bado zinafaa?

Kutu ya juu juu haina neno. Piga brashi ya waya na msasa, pitisha rangi ya msingi ya kuzuia kutu kisha rangi ya juu, na ziache zikauke kabisa. Rangi ambayo bado inanuka hutoa vimiminika vinavyopita kwenye vinili na kuacha mstari wa njano juu ya kila ufito. Kama kitambaa chako ni cha sufu au rangi hafifu, kutu iliyobaki nayo itapenya siku ya kwanza ya unyevu.

Ufito ulioliwa na kutu mpaka umepungua unene, hasa sentimita chache za mwisho, tupa. Utavunjika ukiwa tayari juu, ndani ya pindo lililoshonwa.

11. Bushi zimevunjika zote. Nifanyeje?

Bushi zina kazi mbili: kuzuia ncha ya chuma isikwaruze fremu, na kuzuia kelele. Hizo za mtumba zijaribu kwa kuzibana kidogo kwa vidole. Zinazopasuka zimekwisha kufa. Zikikosekana kabisa, mrija wa mpira au wa plastiki inayosinyaa kwa joto, ule wa kufunikia nyaya za umeme, unafanya kazi vizuri ukiuvalisha kwenye ncha kwa tabaka mbili. Hakikisha tu ncha bado inaingia kwenye tundu lake.

12. Kitambaa cha zamani kinanisaidia nini kama sikivalishi?

Kinakupa kila kitu ambacho vipimo vya paa haviwezi kukupa. Kabla ya kufumua, chora mstari wa katikati kwa chaki ngumu au kalamu kutoka mbele hadi nyuma ukivuka vipande vyote, kisha weka namba. Fumua kwa wembe, laza kila kipande mezani, na ukifuatishe kwenye karatasi ngumu.

Kumbuka kwamba kimesinyaa sehemu na kuvutika sehemu. Kushoto na kulia havitalingana, kwa hiyo kunja karatasi kwenye mstari wa katikati na uchukue nusu iliyo nzima zaidi. Kingo za nje ziongezee sentimita 7 hadi 10 za kuvutia. Umbali kati ya mshono na mshono usiuongeze. Huo ndio unaopanga fito, na ukizidisha kidogo kwenye kila kipande, ukifika nyuma utakuwa na kitambaa cha kuning'inia.

Mapindo yashonwe kwa kitambaa chepesi kisichovutika, na uzi wa poliesta wa kazi nzito. Uzi wa pamba huoza.

13. Kitambaa gani, na kiasi gani?

Fuata kile gari lilichotoka nacho kama unakijua. Volkswagen Beetle za mwanzo zilikuwa na kitambaa, za baadaye vinili yenye vitundu. Kuvalisha moja kwa nyingine kunaonekana mara moja kwa anayejua. Vinili ya viti haifai, kwani ni nene na haivutiki. Dari inataka vinili nyembamba yenye mgongo wa kitambaa kilichofumwa kulegea. Kwa ganda, tafuta kitambaa chenye sponji ya milimita 3 hadi 5 iliyokwisha kubandikwa.

Kitambaa cha mapazia au cha nguo hata kikipendeza kiache. Vitambaa vya ndani ya magari hupimwa namna vinavyoshika moto: kanuni ya Marekani, FMVSS 302, ambayo imetumika tangu 1972, hairuhusu moto kusambaa kwa zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Muuzaji wa vitambaa vya magari anapaswa kukujibu ukimuuliza.

Kwa kiasi, pima upana wa paa kwanza, ukifuata mkunjo. Roli za vinili mara nyingi huwa na upana wa takriban sentimita 137, na za kitambaa chenye sponji takriban 150. Ukijumlisha sentimita za kuvutia pande zote mbili, gari pana linaweza kukulazimisha kukata vipande kwa urefu wa roli badala ya upana, na hesabu yote inabadilika.

14. Niongeze kizuia joto wakati paa liko wazi?

Ongeza, hutapata nafasi nyingine kwa urahisi. Kwanza shughulikia bati lenyewe: kwangua kutu, paka rangi, na mwambie mtu amwagie maji paa kwa nje wewe ukiwa ndani na tochi ili uone panapovuja. Mifereji ya pembeni, tundu la antena na mpira wa kioo cha mbele ndizo sehemu za kushuku. Nyaya za taa ya ndani zenye maganda ya kitambaa yaliyokauka zibadilishe saa hiyo hiyo.

Mikeka ya butili (mpira laini unaonata) yenye karatasi ya alumini inashika vizuri. Usitumie karatasi za lami za kuezekea nyumba. Zinayeyuka na kunuka. Juu ya hapo unaweza kuweka sponji nyembamba ya seli zilizofungwa, lakini isifike kwenye fito. Kitu chochote kinachousukuma ufito chini kitaonekana kama uvimbe kwenye dari iliyokamilika.

15. Gundi ipi?

Bati la paa jeusi linaweza kuvuka nyuzi 70 za Selsiasi juani, na gundi nyingi za kupulizia za matumizi ya kawaida huachia kabla ya hapo. Soma kopo: tafuta gundi ya kugusana yenye kiwango cha joto kilichoandikwa, iliyokusudiwa dari za magari. Ya kopo la brashi ni nzuri kwa kingo, ya kupulizia kwa ganda. Zote mbili hutoa mvuke unaoshika moto na kulevya, hivyo milango yote wazi na hakuna sigara wala heta karibu.

## Kufunga

16. Ni lazima nitoe vioo?

Kwenye magari mengi ya dari ya fito yenye vioo vilivyoshikwa kwa mpira, ndiyo, kwa sababu ukingo wa kitambaa umepita chini ya mpira huo. Beetle, kwa mfano, ikifanyiwa kazi kamili hutolewa kioo cha mbele, cha nyuma na vya pembeni. Wapo wanaoinua mdomo wa mpira kwa kijiti cha plastiki na kusukumia kitambaa ndani. Kwa kitambaa chembamba inaweza kukubali. Kwa vinili, kingo hutoka tena, na bado huwezi kuivuta ipasavyo. Kama mpira wako ni mgumu, agiza mpya kabla hujaanza. Ganda halihitaji kioo kutoka, mara nyingi.

17. Utaratibu wa kufunga dari ya fito ni upi?

Chagua siku ya joto na uianike vinili juani kabla. Chora mstari wa katikati wa gari kwa tepu ya karatasi juu ya fremu, mbele na nyuma. Ingiza fito kwenye mapindo kwa namba zake, na kila ufito utie alama katikati pia.

Hapa pana jambo linalotenganisha dari nzuri na mbaya: urefu wa mapindo. Pindo likifika mpaka ncha ya ufito, kitambaa hakiwezi kupanda kwenye kona ya paa na kushuka pembeni. Kinabaki na mikunjo mikavu kila mwisho wa mshono. Lifupishe pande zote mbili, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Huwezi kurudisha ulichokata.

Pandisha ufito wa nyuma kwanza kama ndio wenye vikulabu, kisha endelea kuja mbele. Linganisha mistari ya katikati. Vuta mbele na nyuma kwanza, ukibana kwa vibanio vya nguo au klipu za karatasi kwenye ukingo wa bati, bila gundi. Fito zikisimama wima, vuta pembeni kuanzia katikati ya gari ukielekea kona, ukibadilishana kushoto na kulia. Zunguka gari zima mara kadhaa, kila mara ukitoa klipu moja, kuvuta kidogo, na kubana tena. Mshono unaopinda kuelekea nyuma unakuambia umevuta mno mahali fulani nyuma yake.

Ikikaa sawa, iache usiku mmoja na klipu zake. Asubuhi irekebishe, ndipo upake gundi kipande kwa kipande. Kama gari lina mikanda ya meno, sukuma kitambaa kwenye meno kwa kisu butu kipana badala ya bisibisi.

18. Nimemaliza na bado kuna mikunjo.

Mikunjo ya kukunjwa kwenye boksi hutoka kwa mvuke wa pasi uliowekwa mbali kidogo, au kikaushia nywele, huku ukipapasa kwa kiganja. Vinili ikianza kung'aa, umeikaribia mno. Mikunjo inayoelekea kona haitoki kwa joto. Hiyo ni ya kuvuta, au ya pindo refu (swali la 17). Kitambaa cha sufu kinapenda mvuke kuliko joto kavu.

19. Nitapataje matundu ya taa na vikinga jua?

Kabla ya kupandisha dari, acha skrubu zimefungwa kwenye matundu yake, vichwa vikiwa vimejitokeza. Baada ya kukaza utazihisi kwa kidole. Kata alama ndogo ya kuzidisha kwa wembe, toa skrubu, funga kifaa. Usikate tundu la taa mpaka dari imekazwa kabisa, na hata hapo kata dogo kuliko unavyodhani.

20. Na ganda, linavalishwaje?

Sehemu kubwa ya kazi ni kusafisha. Brashi ngumu ya nailoni mpaka unga wote wa sponji uishe, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha likauke. Gundi mpya juu ya unga wa zamani haishiki kitu.

Laza kitambaa juu ya ganda, kunja nusu nyuma, pulizia gundi pande zote mbili, subiri ifikie hali ya kunata bila kulowa, na laza ukitokea katikati kwenda nje. Kwenye mabonde, kama ya vikinga jua, sukuma kitambaa kishuke mpaka chini kabla ya kusonga mbele; ukikivuta juu ya bonde, kitabanduka hapo kwanza. Usisugue kwa nguvu, kwani sponji iliyobonyezwa na gundi mbichi haiinuki tena. Kisha fanya nusu ya pili.

## Matatizo yasiyo ya kawaida

21. Ufito mmoja umekosekana na sipati mwingine.

Unaweza kuutengeneza kwa waya wa chuma cha springi wa unene ule ule. Chuma laini cha kawaida hakifai, kinabaki kilivyopindwa na dari inalegea. Chukua mkunjo kwa kulinganisha na fito mbili za jirani: unaotafuta huwa kati yao. Pinda taratibu kwa mkono juu ya goti au bomba, bila kuuchoma moto, maana moto unaua springi.

22. Nina ganda la gari lenye sanrufu, langu halina.

Kuziba tundu kunawezekana kwa kipande cha ganda jingine na nyuzi za kioo kwa mgongo, lakini mkunjo wa katikati ya paa ni mdogo kiasi kwamba kiraka kisicho sawa kinaonekana hata chini ya sponji. Kinyume chake, kukata tundu kwenye ganda zima, ni rahisi. Ukiwa na chaguo, tafuta lisilo na tundu.

23. Vikinga jua na vishikizo nilivyopata ni vya rangi nyingine.

Rangi maalumu ya vinili na plastiki inakubali vizuri ikiwa umesafisha mafuta yote kwa sabuni, kisha kisafishaji cha spiriti, na kupulizia tabaka nyembamba nyingi. Jaribu mgongoni kwanza. Rangi ya kawaida ya kopo hupasuka kikinga jua kinapokunjwa.

24. Gari langu ni la asili kabisa. Nitapunguza thamani yake?

Dari ya asili iliyo chafu tu, isafishe na uiache. Iliyochanika, badilisha kwa kitambaa cha aina ile ile, na uhifadhi ya zamani ikiwa imekunjwa kwenye boksi pamoja na picha zako. Mnunuzi makini atataka kuiona, na fundi atakayefuata ataihitaji kwa kipimo. Fito na vipuri vya gari jingine la modeli hiyo havina ubaya machoni pa wengi. Kitambaa cha muundo usiohusika ndicho kinacholalamikiwa.

25. Kazi ipi nimwachie fundi?

Kushona, kama huna cherehani inayoweza kupita tabaka kadhaa za vinili bila kuruka. Mpelekee fundi wa viti vya magari karatasi zako, mistari ya katikati na fito zenyewe, umwambie umbali kati ya mishono usiguswe. Kioo cha mbele chenye mkunjo na kisichopatikana tena, nacho si cha kujifunzia.

26. Dari imekaa vizuri ila inalia njiani.

Mara nyingi ni ncha ya ufito bila bushi, au vikulabu vya nyuma vinavyogusa bati. Endesha na mtu akibonyeza kiganja karibu na ncha moja baada ya nyingine. Sauti ikikoma umeipata. Kwa ganda, ukanda mwembamba wa felti pale linapogusa fremu unatosha. Kama sauti inatokea katikati ya paa, huenda mkeka wa kuzuia joto umebanduka upande mmoja na unapigapiga juu ya kitambaa. Hapo itabidi ufungue ukingo wa karibu, uingize mkono na kuubandika tena.